Rangi Kabla ya Spana

Sehemu ya Saba

Mliniacha mlangoni mwa wodi ya wanaume, nimevaa shati la kutokea, nimeapa kusema kweli.

Msicheke. Mtu wa sampuli yangu akiapa kusema kweli, hata kunguru hugeuka kutazama.

Kwa aliyenunua gazeti leo tu: mimi ni mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nilisoma mita za maji mlango kwa mlango, na kila mlango niliuachia hadithi. Ndiyo maana mtaani wananiita Mzee Chumvi. Ufundi wa magari nilijifundisha mwenyewe baada ya kustaafu, kwa vitabu vya picha na kwa kuharibu. Nilifanya kazi uani kwangu na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ni mwalimu wa kuchomelea vyuma katika chuo cha ufundi. Yeye tunamwita Kimya. Sababu mtaiona.

Daktari wa meno alituletea gari lake la michezo, la viti viwili, limelala chini kama kenge. Alitaka liende mbio zaidi. Tukalitia turbo kubwa ya kuisukumia injini hewa, tukafupisha springi, tukabadilisha ekzosi mpaka likinguruma vikombe vinatembea mezani. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema, ukiongeza mbio, ongeza na kusimama. Kwa hiyo tukaliwekea breki kubwa za mbele.

Siku nne baadaye, kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, kalipa ya kushoto iliachia. Kalipa ni lile koleo la chuma linalobana sahani ya breki, na linashikiliwa na bolti mbili. Ya chini ilidondoka barabarani na haijaonekana mpaka leo. Ya juu ilibaki, lakini imelegea. Koleo likaning'inia, likauma rimu, gurudumu likaganda, gari likaenda ukutani.

Daktari hakufa. Ila vidole viwili vya mkono wake wa kulia, mkono wa kung'olea meno, havikurudi naye kutoka kule ukutani.

Aliyefunga gurudumu lile mwisho ni Kimya. Mkaguzi wa magari ameandika kuwa ni uzembe wake. Kosa hilo lina jela ndani yake, na hata jela ikikosekana, chuo hakitamruhusu tena kumfundisha mtu kushika moto.

Na mimi nilijua kwamba kosa si lake. Ni langu.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana sehemu sita za gazeti hili nimelizunguka kama paka na bakuli la moto.

Uani kwetu kuna kanuni moja. Niliitunga mimi, nikaiandika ukutani kwa chaki: SPANA KWANZA, RANGI BAADAYE. Ukishakaza bolti kwa spana ya kipimo, ile inayolia tak mkazo ukitimia, unachora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma inachoshika. Mstari ule unamwambia mwenzako kuwa hapa mkono umeshapita. Bolti ikilegea, mstari unakatika na jicho linaona. Penye rangi, mtu hagusi tena.

Rangi yenyewe nilimwomba mke wangu. Alinipa chupa moja ya rangi ya zabibu aliyokuwa ameichoka.

Siku ile Daktari alikuja alasiri, akakaa juu ya debe, akanibembeleza nimsimulie ile ya injini iliyokataa kuzimwa. Bolti mbili za kalipa ya kushoto nilikuwa nimezitia kwa vidole tu. Spana ya kipimo inataka ukimya, usikie tak. Hadithi nayo inataka kelele. Nikajiambia, nipake rangi kwanza, kazi ndogo hii, inakwenda sambamba na mdomo. Spana nitaishika hadithi ikiisha.

Nikapaka ya chini. Nikapaka ya juu. Hadithi ikafika pale injini inapomkimbiza mwenyewe kuzunguka nyumba, na hapo, wasomaji wangu, panataka mikono miwili. Nikaweka chupa chini, nikasimama, nikakimbia mahali pamoja. Daktari akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikaenda kunawa mikono. Kimya akatoka ndani alikokuwa anakata bomba la ekzosi, akaona rangi kwenye bolti zote mbili, akafunga gurudumu. Alifuata kanuni yangu.

Hadithi niliimaliza. Spana niliisahau.

Hilo ndilo nililokuja kumwambia Daktari.

Nilimkuta amelala chali, mkono umefungwa bandeji ukawa mkubwa kama mtoto mchanga, umewekwa juu ya mto wa peke yake. Nilimweleza yote bila kupamba. Nilipofika kwenye rangi kabla ya spana nilisikia sauti yangu inatetemeka, na mimi sauti yangu haijawahi kutetemeka ila nikitaka itetemeke.

Mabega ya Daktari yakaanza kutikisika.

"Mzee Chumvi, tafadhali," alisema. "Mbavu zimevunjika. Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, Daktari."

"Unamkinga shemeji yako. Nakuheshimu kwa hilo. Lakini uongo wako wa leo hauna ladha. Umeuleta bila chumvi."

Nilimsihi akumbuke. Alikuwa amekaa juu ya debe, hatua tatu kutoka kwangu, na hakukuwa na jicho jingine pale. Nilikuwa nimeshika nini? Akafumba macho, akajaribu, nami nikajaribu pamoja naye kama mtu anayesukuma gari bovu kwa mawazo. Akasema anaikumbuka injini inakimbia, kisha anaukumbuka ukuta. Katikati hakuna kitu.

Halafu akauliza kama nimewahi kuona mtu aking'oa jino kwa mkono wa kushoto. Nina hadithi ya mtu aliyeng'oa jino kwa kamba ya mlango wa treni, lakini niliimeza.

Akageuza uso upande wa dirisha. Muuguzi akanionyesha mlango kwa kidevu.

Nikasema basi, rafiki asipokuamini, huenda serikali ikakuamini. Nikaenda moja kwa moja kwa mkaguzi.

Mkaguzi wa magari ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Ofisi yake ina meza, viti viwili, na rafu ya vyuma vilivyoua watu, kila kimoja kimefungiwa kikaratasi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika neno. Kalamu ililala tu.

Kisha akafungua faili na kunieleza, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kwamba ameuliza mtaani. Kwamba majirani watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wamemwambia mimi niliwahi kutengeneza kichwa cha treni kwa pini ya nywele.

"Ilikuwa pini mbili," nilisema. Mdomo, jamani. Mdomo ulikwenda wenyewe.

Hakucheka.

"Mzee, rangi ipo kwenye bolti," alisema. "Wewe na shemeji yako mmeniambia kitu kimoja: penye rangi pamekazwa. Kwa hiyo wewe ulikaza. Aliyegusa baada yako ndiye aliyelegeza."

Mnaona ilivyo? Ile kanuni yangu ya chaki ndiyo iliyokuwa inamfunga Kimya. Kila nilivyoisifu rangi ile kwa wageni uani, nilikuwa nasuka kamba yake.

Akageuza karatasi nyingine. Kimya alikuwa ameshaandika maelezo yake, mistari miwili, kwa mwandiko wake wa ubaoni. *Mimi ndiye niliyefunga gurudumu. Kosa ni langu.* Kesho saa tatu asubuhi anakuja kutia sahihi ya mwisho, kisha faili linaondoka mezani pale kwenda mahakamani.

Kwa nini Kimya aandike vile, mtu ambaye hata mkono wa salamu huutoa kwa kipimo?

Ndipo lilipokuja wazo. La kweli, si la kutunga.

Nilimwambia mkaguzi kwamba bolti ya juu bado ipo kwenye gari. Aifungue, aitazame chini ya kichwa. Ukikaza kwanza ndipo upake, rangi inabaki nje tu, maana kichwa kimeshabana chuma na hakuna pa kupenya. Ukipaka bolti ikiwa imetiwa kwa vidole tu, rangi inateleza chini ya kichwa na kukauka humo. Hiyo haitungiki. Chuma hakijui kutia chumvi.

Alivaa miwani. Kwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu anayesoma mita za maji, si kama mtu anayezizungusha.

"Twende," alisema.

Gari lilikuwa nyuma ya ofisi, chini ya turubai. Sikuwa nimeliona tangu siku ile lilipovutwa na kulazwa uani kwetu usiku mmoja kabla ya wao kulichukua. Pua yake imekunjwa mpaka kwenye kioo. Turbo yetu, tuliyoing'arisha kwa siku mbili, imechomoza pembeni kama mfupa. Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na doa nisilotaka kulieleza.

Mkaguzi alipiga magoti kwa heshima zote za umri wake, akaishika bolti ya juu kwa vidole, akaizungusha. Ilitoka kama meno ya mzee. Akaigeuza kwenye jua.

Chini ya kichwa palikuwa safi. Chuma kinang'aa. Hakuna hata tone.

"Unaona nini, mzee?"

Niliona. Nitawaambia ninyi nilichoona, maana yeye sikumwambia.

Niliona bolti ambayo ukingo wake haujawahi kukutana na mchanga. Bolti mpya, ndugu yake ile tuliyoitia. Breki zile zilikuja na mbili za akiba, tukazihifadhi kwenye droo.

Na niliona rangi. Mstari ulikuwa umekatika sawasawa, kama inavyotakiwa bolti ikilegea. Ila haukuwa wa zabibu. Ulikuwa mwekundu, wekundu wa nyanya iliyoiva, ambao mimi nauona kila siku kwenye kucha za mke wangu akivua viatu mlangoni.

Mtu alikuwa ameitoa bolti yangu. Akatia mpya, akaikaza, akapaka, kisha akailegeza ili mstari ukatike. Hata katika kughushi alifuata kanuni: spana kwanza, rangi baadaye. Ningekuwa mimi, ningekosea tena.

Mkono mmoja tu duniani una adabu ya namna hiyo, mkono wa Kimya, na chupa ile haitoki kwenye duka la vyuma.

"Sioni kitu," nilisema.

Mkaguzi akashusha pumzi. Si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Akanishika kiwiko akaniinua, akaniambia nimempenda shemeji yangu inavyotosha, sasa nikapumzike. Yeye alikuwa anapitia hospitali alasiri hiyo kuchukua maelezo ya Daktari, halafu kazi imekwisha.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Sikumsalimia mtu. Watu wawili walisimama kunitazama, wakidhani nimefiwa.

Mke wangu alikuwa sebuleni kwenye cherehani, anapindia pazia. Miguu ipo peku juu ya pedeli, na kucha nyekundu zinapanda na kushuka. Nilisimama mlangoni nikizitazama.

Hakuinua kichwa. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Umetoka kwa mkaguzi," alisema.

"Bolti iko wapi, mama?"

Alivuta kopo la vifungo kutoka chini ya cherehani. Akaingiza vidole, akavuruga vifungo vya mashati ya watoto ambao sasa wana watoto, akatoa bolti. Akaiweka juu ya pazia. Mstari wa rangi ya zabibu. Na chini ya kichwa, nilipoigeuza, rangi ile ile imetambaa mpaka kwenye shingo, imekauka kama damu ndani ya ukucha.

Nilikaa chini.

Alinieleza huku anatazama dirishani. Gari lilipoletwa uani siku ile, Kimya aliingia chini yake peke yake. Alitoka baada ya muda mfupi, akaenda kunawa, akaja kwake na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akamwomba na chupa yake ya rangi nyekundu, maana ya zabibu ilikuwa imeisha. Alipomuuliza ya nini, akamwambia maneno kumi na mawili. Mke wangu aliyahesabu, maana tangu walipomzika mama yao hajawahi kumsikia akisema mengi kwa mkupuo mmoja.

"Aliniambia hivi," alisema mke wangu. "Mzee jela itamwua, kule hakuna wa kumsikiliza. Mimi nitakaa tu, kunyamaza nimezoea."

Niliyahesabu na mimi. Kumi na mawili.

"Na wewe ukakubali? Ndugu yako wa tumbo moja?"

"Nimemlea kwa mgongo huu," alisema. "Usinifundishe undugu."

"Siku kumi na moja umelala kitanda kimoja na mimi, bolti iko kwenye vifungo."

"Nilikuwa nangoja ninyi wawili muamue, maana mimi ningemkata yupi? Yeye aliamua siku ile ile, kimya kimya. Wewe, mzee, ulikuwa unatafuta wa kukuamini."

Hilo lilinipata chini ya kichwa, pale rangi inapoingia.

Nikachukua bolti. Nikasema nairudisha kwa mkaguzi sasa hivi, kabla ya kesho saa tatu. Hakunizuia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa, kama nimefikiria nitasema ilitoka wapi. Kimya amebadilisha kitu cha ushahidi na kuandika uongo mbele ya serikali. Yeye, mke wangu, amekificha. Nikipeleka bolti, tunakwenda watatu. Nisipoipeleka, anakwenda mmoja, na si yule anayestahili.

Nilimwambia nitasema niliiokota. Akaniangalia kwa huruma.

"Maisha yako yote umesema uongo wakakupenda," alisema. "Umesema kweli mara moja hawakukuamini. Sasa unataka kuwapa uongo na kweli kwenye mfuko mmoja?"

Hapo simu ikalia.

Ilikuwa kwenye meza, katikati yetu. Nilibonyeza, nikaiweka sauti wazi kwa sababu masikio yangu si ya kuaminika tena.

Ilikuwa sauti ya Daktari. Ndogo, inapumua kwa hesabu.

"Mzee Chumvi. Tangu uondoke naiangalia ile hadithi yako ya injini kichwani. Inakwenda vizuri, inafika mahali inanikwaza."

"Mahali gani, Daktari?"

"Kuna harufu. Harufu ya rangi ya kucha. Mama yangu alikuwa akipaka, naijua. Kwa nini injini yako inanuka rangi ya kucha tangu mwanzo, na sikumbuki kusikia spana ikilia?"

Mke wangu alinyoosha mkono polepole, akaitoa bolti kwenye vidole vyangu. Akaifumbata.

"Mkaguzi yuko hapa na mimi," Daktari aliendelea. "Amekaa kitandani. Nimemwambia asiondoke kwanza. Nisimulie tena, mzee. Kama ulivyosimulia siku ile, usiruke. Na kila ukifika mahali, uniambie mkono wako ulikuwa umeshika nini."

Kwenye simu nilisikia kalamu ikifunguliwa kifuniko.

Ningeweza kusema spana. Neno moja, nami ndiye bingwa wa maneno. Wangeamini, maana ndilo wanaloliamini tayari. Mke wangu angerudisha bolti kwenye vifungo, na kesho saa tatu Kimya angetia sahihi kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Nilimtazama mke wangu. Hakunipa ishara yoyote. Ngumi yake tu, juu ya pazia, na kifundo kimoja kimoja kinazidi kuwa cheupe.

Uani nilisikia lango likifunguliwa, na hatua ninazozijua, hatua za mtu asiyebisha hodi, zinakuja taratibu kuelekea mlangoni.

"Hapo kale," nilisema, "kulikuwa na injini iliyokataa kuzimwa."